Nafasi ya Lugha katika Kuwadahili na Kuwategemeza Wanafunzi wa Makundi Yenye Uwakilishi Mdogo katika Elimu ya Tiba: Mfano wa Nyakabiga, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha inavyochangia kuamua ni nani anayeingia katika elimu ya tiba nchini Burundi na ni nani anayeifikisha mwisho. Mtaa wa Nyakabiga, ambao ni makazi ya wanafunzi wengi wa vyuo vya Bujumbura, umetumiwa kuwa kitovu cha maelezo. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi anayetoka kijijini, katika jamii ya Watwa, katika familia iliyorejea kutoka Tanzania au katika mitaa ya Waswahili huhesabiwa kuwa na upungufu anapoingia darasani, ilhali ujuzi huohuo wa lugha unaomchelewesha darasani ndio unaohitajika wodini. Makala yanaanza na fasili ya uwakilishi mdogo, yanapitia historia ya mlango wa elimu nchini Burundi, yanachambua madai matatu ya kilugha ya elimu ya tiba, kisha yanalinganisha uzoefu wa Uganda, Rwanda, Afrika Kusini na Cuba. Mwisho yanatoa mapendekezo yanayoweza kutekelezwa na kitivo cha tiba kwa kushirikiana na wataalamu wa Kiswahili na Kirundi.

Maneno muhimu: elimu ya tiba, udahili, uwakilishi mdogo, lugha ya kufundishia, Kiswahili, Burundi

1.0 Utangulizi

Nyakabiga ni mtaa ulio katikati ya Bujumbura, katika eneo la Mukaza, na unapakana na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa sababu ya ujirani huo, nyumba nyingi za mtaa huu zina vyumba vinavyopangishwa kwa wanafunzi, na si ajabu vijana watatu au wanne kutoka mikoa tofauti kuishi katika chumba kimoja. Kitivo cha Tiba, hata hivyo, hakiko Mutanga. Kiko Kamenge, kaskazini mwa jiji, pamoja na hospitali ya chuo kikuu ambayo wenyeji wengi huijua kwa jina la Roi Khaled. Mwanafunzi wa tiba anayepanga Nyakabiga hulazimika kuuvuka mto Ntahangwa kila siku ili kufika darasani na wodini.

Safari hiyo ni fupi kwa kilomita, lakini ni ndefu kwa lugha. Chumbani mwanafunzi huzungumza Kirundi, na mara nyingi Kiswahili, hasa kwa kuwa Bwiza na Buyenzi, mitaa yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, haiko mbali. Darasani husikiliza na kuandika Kifaransa. Makala mapya ya utafiti anayoelekezwa kuyasoma yameandikwa kwa wingi katika Kiingereza. Akifika kitandani kwa mgonjwa hurudi tena kwenye Kirundi, au kwenye Kiswahili iwapo mgonjwa ametoka Buyenzi, Rumonge au ng'ambo ya mpaka upande wa Uvira. Kwa mwanafunzi aliyelelewa katika nyumba ya wasomi wa jiji, mabadiliko hayo ni mazoea. Kwa mwenzake aliyetoka shule ya kijijini, kila moja ni kizingiti.

Mijadala ya kuongeza idadi ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma huanzia kwenye alama za mtihani na kuishia kwenye karo. Lugha hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba ni kikwazo kitakachojiondoa chenyewe. Makala haya yanalichukulia suala hilo kuwa kiini cha mjadala, kwa kuwa ndiko wanataaluma wa lugha wanakoweza kutoa mchango ambao madaktari peke yao hawataweza kuutoa.

2.0 Fasili ya uwakilishi mdogo

Istilahi hii imepitia mabadiliko yanayofaa kuzingatiwa. Nchini Marekani, chama cha vyuo vya tiba kilitumia kwa miaka mingi orodha maalumu ya makundi ya mbari yaliyohesabiwa kuwa na uwakilishi mdogo. Mwaka 2003 chama hicho kiliiacha orodha hiyo na kuweka fasili ya uwiano: kundi lina uwakilishi mdogo ikiwa sehemu yake miongoni mwa madaktari ni ndogo kuliko sehemu yake katika jamii. Faida ya fasili ya pili ni kwamba inaweza kutumika mahali popote, na inamlazimu mtafiti aitazame jamii yake mwenyewe kabla ya kutaja majina ya makundi.

Tukiitumia fasili hiyo nchini Burundi, makundi manne hujitokeza. La kwanza ni vijana wa vijijini. Zaidi ya Warundi nane kati ya kumi huishi vijijini, ilhali shule za sekondari zenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha wa sayansi zimekusanyika mijini. La pili ni Watwa, ambao hukadiriwa kuwa takriban asilimia moja ya watu wote na ambao umaskini wa ardhi umewazuia wengi kumaliza hata shule ya msingi. La tatu ni wasichana, ambao idadi yao hupungua kadiri ngazi ya masomo ya sayansi inavyopanda. La nne, ambalo hutajwa kwa nadra, ni vijana ambao historia yao ya shule ilianzia katika lugha nyingine: watoto wa wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania pamoja na wale waliokulia katika mazingira ya Kiswahili ya Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac.

Makundi haya hupishana. Msichana aliyezaliwa Katumba, akarejea Burundi pamoja na wazazi wake na kuishi kijijini kusini mwa nchi, yumo katika makundi matatu kwa wakati mmoja. Sera inayoshughulikia kigezo kimoja tu itamkosa.

3.0 Historia ya mlango wa elimu

Haiwezekani kuzungumzia udahili nchini Burundi bila kukumbuka mwaka 1972. Katika mauaji ya mwaka huo, Wahutu waliosoma, wakiwemo walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, walilengwa kwa namna ya pekee. Matokeo yake katika elimu yalidumu kwa kizazi kizima. Familia nyingi zilijifunza kwamba shule ni mahali pa hatari, na zile zilizokimbilia Tanzania ziliwalea watoto wao Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vilivyofuata baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vilizalisha wimbi jingine la wakimbizi na kuvuruga masomo ya waliobaki. Miongoni mwa waliokatizwa masomo alikuwa Deogratias Niyizonkiza, kijana wa kijijini aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi vita vilipoanza. Alifika Marekani akiwa mkimbizi, akasoma huko, kisha akarudi kuanzisha kituo cha afya cha Kigutu, kusini mwa Burundi, kupitia shirika la Village Health Works.

Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 uliutaja ubaguzi katika elimu kuwa sehemu ya mgogoro wenyewe, na uliweka kanuni za mgawanyo wa haki wa shule na vifaa katika maeneo yote ya nchi pamoja na uwazi katika mitihani. Katiba ya mwaka 2005 iliweka migao katika vyombo vya siasa: asilimia 60 kwa asilimia 40 kati ya Wahutu na Watutsi katika Bunge, angalau asilimia 30 ya wanawake, na viti vitatu kwa Watwa. Migao hiyo iliandikwa kwa ajili ya Bunge na serikali. Darasa la anatomia halikuandikiwa kitu kama hicho, na sehemu ya saba itaeleza kwa nini haifai kuinakili bungeni na kuibandika chuoni.

Kwa waliorejea, mlango ulikuwa na kufuli la ziada. Tanzania ilipofungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa mwaka 1972, takriban watu 162,000 walichagua kubaki na kupewa uraia, huku makumi ya maelfu wakirejea Burundi, wengi wao kuanzia mwaka 2008. Katika makazi yale ya zamani watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania: shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Walipofika Burundi walikuta mfumo unaoanza kwa Kirundi na kuendelea kwa Kifaransa. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika hesabu na sayansi alikaa katika dawati akiwa haelewi swali. Hakupoteza maarifa yake mpakani, lakini alipoteza chombo cha kuyaonyesha.

4.0 Madai matatu ya kilugha katika elimu ya tiba

Tunaposema kwamba mwanafunzi hajui lugha ya kufundishia, kauli hiyo huficha madai matatu yaliyo tofauti, na kila moja huhitaji msaada wa aina yake.

4.1 Lugha ya mhadhara

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, alitofautisha mwaka 1979 kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma. Kwa mujibu wa kazi zake za baadaye, mtoto anayejifunza lugha ya pili shuleni huweza kuzungumza vizuri baada ya miaka miwili hivi, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kuifikia lugha ya kitaaluma ya wenzake. Utofauti huu una maana kubwa kwa udahili wa tiba. Kijana anaweza kujieleza kwa Kifaransa katika usaili, akaonekana hana tatizo, kisha akazama katika wiki za mwanzo za mihadhara ya fiziolojia.

Istilahi zenyewe si kizingiti kikubwa kama inavyodhaniwa. Majina ya mifupa na mishipa ni mageni kwa kila mwanafunzi, mwana wa daktari na mwana wa mkulima, kwa kuwa yametoka Kilatini na Kiyunani. Kizingiti kiko katika maneno madogo yanayounganisha hoja: isipokuwa, endapo, licha ya, kadiri, kwa kiasi ambacho. Mwanafunzi asiyeyashika maneno hayo husikia orodha ya ukweli bila kuona uhusiano wa sababu na matokeo.

4.2 Lugha ya mtihani

Katika maswali ya kuchagua jibu, neno moja la kukanusha hugeuza swali zima. Swali linalouliza ni dalili ipi isiyotarajiwa hudai kwanza usomaji makini wa ukanushi, halafu ujuzi wa ugonjwa. Anayesoma polepole kwa sababu anafasiri kichwani hutumia muda wa maswali mawili kujibu moja. Alama yake hupima mambo mawili kwa pamoja, na mtahini hawezi kuyatenganisha. Ndiyo maana si haki kusema kwamba alama za mwaka wa kwanza zinaonyesha uwezo wa kitabibu peke yake.

4.3 Lugha ya mgonjwa

Wodini mambo hugeuka. Mgonjwa hasemi lugha ya kitabu. Katika Kiswahili, neno tumbo linaweza kumaanisha sehemu ya mwili, kuhara au ujauzito, kutegemea sentensi na aibu ya msemaji. Anayesema ana presha huenda anazungumzia shinikizo la damu lililopimwa hospitalini, au wasiwasi na mapigo ya moyo aliyoyasikia usiku. Kichomi kinaweza kuwa maumivu ya kuchoma ubavuni, na pia ni jina ambalo wengine huipa homa ya mapafu. Maumivu yenyewe huainishwa kwa vitenzi: yanachoma, yanakata, yanawaka, yanavuta. Daktari anayeyageuza yote kuwa neno moja la Kifaransa amepoteza taarifa ambayo mgonjwa amempa bure.

Mfano unaofahamika zaidi ni degedege. Watafiti wa afya waliofanya kazi katika pwani ya Tanzania wameeleza kwa kina jinsi wazazi walivyolihusisha neno hilo na ndege au pepo, na jinsi imani hiyo ilivyowapeleka kwa mganga wa jadi kabla ya zahanati, ilhali mtoto alikuwa na malaria kali iliyompanda kichwani. Mhudumu anayelijua neno hilo na dunia iliyo nyuma yake anaweza kuuliza swali sahihi mapema na kumwelekeza mzazi bila kumdhihaki. Asiyelijua huandika katika faili kwamba mama alichelewa.

Ni hapa ambapo mizani ya upungufu na ubora hubadilika. Kijana wa Buyenzi, wa Rumonge au aliyelelewa Mishamo ana hazina ambayo mwenzake wa shule bora ya jiji hana. Hospitali ya Kamenge hupokea wagonjwa wa lugha mbalimbali, na Bujumbura kwa muda mrefu imekuwa mahali ambapo wasemaji wa Kiswahili kutoka nje ya Burundi husomea utabibu. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari wake Burundi kabla ya kwenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini. Hata hivyo, hazina hiyo haihesabiwi popote katika mizani ya udahili, na mara nyingi haipewi alama hata katika mtihani wa wodini.

5.0 Uzoefu wa kwingine

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mapendekezo kuhusu upatikanaji wa watumishi wa afya katika maeneo ya vijijini, na kuyapitia upya mwaka 2021. Miongoni mwake ni kudahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa ushahidi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba wao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko. Hivyo udahili wa haki una faida kwa mgonjwa kama ulivyo na faida kwa mwanafunzi.

Jirani zetu wametumia njia tofauti. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5 katika udahili. Idadi ya wanawake chuoni iliongezeka, lakini wahakiki walibaini kwamba walionufaika zaidi walikuwa wasichana wa shule bora za mijini, ambao walikuwa karibu na mlango tangu mwanzo. Somo lake ni kwamba kigezo kimoja, hata kikiwa cha haki, huwafaidi walio juu ndani ya kundi lililolengwa.

Nchini Rwanda, Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani, kilichoanzishwa na shirika la Partners In Health na kujengwa Butaro, kaskazini mwa nchi, kilianza kufundisha madaktari mwaka 2019 kikiwa na azma ya kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Chuo kilijengwa kijijini, karibu na hospitali ya wilaya, ili mwanafunzi asome mahali penye tatizo analofundishwa kulitatua.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa Burundi unatoka Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 1999 hospitali ya Mosvold, iliyochoka kungoja madaktari kutoka mbali, ilianza kuwatafuta vijana katika shule za sekondari za jirani. Kijana aliyeteuliwa alifanya kwanza kazi ya kujitolea hospitalini ili aijue kazi anayoiomba. Aliyedahiliwa chuoni alilipiwa gharama, akapewa mlezi wa kumfuatilia, na alirudi wakati wa likizo kufanya kazi katika hospitali ileile. Baada ya kuhitimu aliitumikia hospitali mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa. Mpango huo baadaye ulipanuka na kupewa jina la Umthombo. Nguvu yake ilikuwa katika ufuatiliaji, kwa sababu mwanafunzi hakuachwa peke yake baada ya kupokewa chuoni.

Kuhusu lugha, Cuba inatoa mfano ulio wazi. Shule ya Tiba ya Amerika ya Kusini, iliyofunguliwa Havana mwaka 1999, hupokea vijana wa nchi nyingi, wakiwemo wa Afrika. Wasiojua Kihispania hupewa kwanza kozi ya lugha, na masomo ya msingi ya sayansi hutangulia masomo ya udaktari yenyewe. Hakuna anayeona kozi hiyo kuwa hisani au aibu. Ni sehemu ya mtaala.

6.0 Mapendekezo

6.1 Kuanzia kabla ya udahili

Wanafunzi wa tiba wanaokaa Nyakabiga hurudi makwao wakati wa likizo. Kitivo kinaweza kuitumia safari hiyo kwa kuwapa kazi ya kuzitembelea shule walikosoma, wakiwa na maelezo yaliyoandikwa kwa Kirundi na Kiswahili kuhusu masomo yanayohitajika, taratibu za maombi na gharama. Kijana wa Makamba au Cankuzo anayemwona mtu wa tarafa yake akisomea udaktari hupata taarifa ambayo tangazo la ofisini halimfikishii. Hospitali za mikoani nazo zinaweza kuwapokea wanafunzi wa sekondari kwa siku chache za kujitolea, kwa mfano wa Ingwavuma.

6.2 Muhula wa maandalizi

Kabla ya mwaka wa kwanza, wanafunzi wote wapimwe usomaji na uandishi wa Kifaransa cha kitaaluma. Walio chini ya kiwango wapewe muhula wa maandalizi unaofundishwa na mwalimu wa lugha pamoja na mwalimu wa biolojia, kwa kutumia matini halisi za mwaka wa kwanza. Maelezo ya Kirundi na Kiswahili yaruhusiwe pale yanapoharakisha uelewa. Mwanafunzi aliyesoma kwa mtaala wa Tanzania tayari anayo maarifa ya usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu kwa Kiswahili. Kazi ya mwalimu ni kumvusha, si kumwanzisha upya.

6.3 Faharasa ya lugha nne

Kiswahili kina akiba ya istilahi za sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi za istilahi za tiba zimeendelea tangu wakati huo. Kinachokosekana Burundi ni kiungo kati ya akiba hiyo, Kirundi na Kifaransa. Faharasa inayopendekezwa iwe na safu mbili za aina tofauti: safu ya istilahi za kitabu, na safu ya maneno ya mgonjwa, yakiwemo yale ya mtaani kama presha, sukari, kichomi na degedege, kila moja likiwa na maelezo ya matumizi yake. Safu ya pili ikusanywe na wanafunzi wenyewe chini ya uangalizi wa wanaisimu. Kwa njia hiyo wanafunzi wanaohesabiwa kuwa dhaifu watakuwa watoa data na wahariri, na wenzao watakuwa wanafunzi wao.

6.4 Mawasiliano na mgonjwa yapewe alama

Mahojiano ya kuchukua historia ya ugonjwa yafanyiwe mtihani katika lugha ya mgonjwa, yaani Kirundi kwa wote, na Kiswahili kwa wanaopangwa katika hospitali zenye wagonjwa wa lugha hiyo. Mwanafunzi awasilishe kesi kwa Kifaransa baada ya hapo. Utaratibu huu hupima ustadi ambao daktari atautumia maisha yake yote, na humpa mwanafunzi wa pembezoni mahali pa kung'ara kwa haki.

6.5 Makazi, chakula na wenzi wa masomo

Msaada wa kitaaluma hauwezi kusimama juu ya tumbo tupu. Kodi ya chumba, nauli ya kwenda Kamenge, vitabu na umeme wa kusomea usiku ni sehemu ya elimu ya tiba, ambayo ni ndefu kuliko masomo mengi. Msichana anayetoka zamu ya usiku anahitaji kujua atafikaje chumbani salama. Kitivo kinaweza kupanga nyumba chache Nyakabiga, au karibu zaidi na Kamenge, zenye chumba cha kusomea na kiongozi wa mwaka wa juu anayelipwa kidogo kwa kazi ya ulezi. Wanafunzi wa mtaa huu tayari wana desturi ya kusoma kwa vikundi. Desturi hiyo ikipewa chumba, taa na mlezi, gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya mwanafunzi mmoja anayeacha masomo mwaka wa tatu.

7.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba hatua hizi zitashusha kiwango. Jibu ni kwamba hakuna pendekezo hata moja hapo juu linalopunguza alama ya kufaulu. Muhula wa maandalizi huongeza masomo, na mtihani wa mawasiliano huongeza kipimo. Kiwango kinachopuuza uwezo wa kumwelewa mgonjwa ndicho kilichopungua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwa nini tusiweke migao ya kikabila chuoni, kama ilivyo katika vyombo vya siasa? Katika nchi ambayo orodha za wanafunzi ziliwahi kuwa orodha za kifo, kumtaka kijana wa miaka kumi na minane aandike kabila lake katika fomu ya chuo ni kumrudishia hofu ya wazazi wake. Zaidi ya hayo, Nyakabiga yenyewe ilishuhudia katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2015, jinsi mtaa unavyoweza kupewa sura ya upande mmoja na kulipa gharama yake kwa damu. Vigezo vya mahali, aina ya shule, kipato cha kaya na historia ya ukimbizi huwafikia wengi wa walioachwa nje bila kuuliza swali hilo. Kwa Watwa peke yao, ambao vigezo vya jumla huwapita kwa kuwa wachache mno hufika mwisho wa sekondari, panahitajika msaada wa wazi unaoanza shule ya msingi na unaoongozwa na mashirika yao wenyewe. Kuwangojea kwenye lango la chuo kikuu ni kuchelewa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanalugha: Burundi tayari imemtwika mtoto lugha nne, tangu Kiingereza na Kiswahili vilipoongezwa kwa Kirundi na Kifaransa katika shule ya msingi katikati ya miaka ya 2000. Je, makala haya hayaongezi mzigo? Mzigo tayari upo. Tunachopendekeza ni kila lugha ipewe kazi inayoeleweka: Kifaransa kwa mhadhara na kumbukumbu za hospitali, Kiingereza kwa usomaji wa utafiti, Kirundi na Kiswahili kwa ufafanuzi wa dhana na kwa mgonjwa. Lugha isiyo na kazi maalumu shuleni ndiyo inayogeuka mzigo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uwakilishi mdogo katika elimu ya tiba nchini Burundi una mizizi katika historia ya vurugu, katika mgawanyo wa shule na katika lugha, na kwamba sababu hii ya tatu ndiyo iliyopewa uzito mdogo kuliko zote. Yameonyesha pia kwamba udahili pasipo utegemezaji huhamisha tu mahali ambapo mwanafunzi anashindwa. Kwa hiyo mafanikio yapimwe kwa wanaohitimu na mahali wanapokwenda kufanya kazi, pamoja na idadi ya wanaoingia.

Kwa wanataaluma wa Kiswahili wa Afrika Mashariki, kazi iliyo mbele ni mahususi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo ina makao yake Zanzibar. Mradi wa faharasa ya lugha nne unaweza kuanza kwa timu ndogo ya wanaisimu wawili, daktari mmoja na wanafunzi kumi wa tiba, katika chumba kimoja cha kusomea Nyakabiga, kwa kuanza na maneno mia mbili yanayosikika zaidi katika wodi za watoto na za uzazi. Kazi hiyo ikikamilika inaweza kupelekwa Uvira, Kigoma na Bujumbura kwa pamoja, kwa kuwa wagonjwa wa kandokando ya Ziwa Tanganyika huvuka mipaka na maneno yao.